Mwalimu Mgeni wa Berlin: Mtoro bin Mwinyi Bakari na Suala la Heshima ya Darasani



Kila aliyewahi kufundisha anaikumbuka siku yake ya kwanza darasani. Siku hiyo kinachomsumbua mwalimu huwa si somo tu, bali pia madaraka: je, atasikilizwa? Suala hili huwa zito zaidi anapokuwa mgeni katika nchi ya wanafunzi wake. Leo ningependa tulitazame kupitia maisha ya Mtoro bin Mwinyi Bakari, aliyetoka eneo la Bagamoyo akaenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili.

Seminari ya Lugha za Mashariki ilianzishwa Berlin mwaka 1887, wakati Ujerumani ilipokuwa ikijipatia makoloni. Kiswahili kilifundishwa humo ili kuwaandaa maofisa na wengineo waliokuwa wakielekea Afrika Mashariki. Mafunzo yalikuwa ya ngazi mbili. Mjerumani alifundisha sarufi na kuongoza kozi. Mzawa wa lugha, aliyeitwa lekta, aliwazoesha wanafunzi matamshi na mazungumzo. Sleman bin Said na Amur bin Nasur walitangulia katika kazi hiyo ya ulekta. Mtoro alipofika, aliyeongoza kozi ya Kiswahili alikuwa Carl Velten, aliyewahi kuwa mkalimani wa serikali ya kikoloni Dar es Salaam.

Hivyo basi, tangu siku ya kwanza Mtoro aliingia katika darasa lenye ukinzani ndani yake. Waliokaa mbele yake walikuwa wanafunzi kwa saa chache tu. Baada ya kuhitimu, baadhi yao wangekwenda kuwatawala ndugu zake. Ujuzi ulikuwa wake, lakini madaraka hayakuwa yake.

Ili kuelewa uzito wa jambo hili, hatuna budi kurejea Pwani. Mtoro alilelewa katika elimu ya chuo. Kwa desturi ya chuoni, mzazi humpeleka mtoto wake kwa mwalimu, na siku hiyo hiyo humkabidhi madaraka ya kumfunza, kumlea na hata kumwadhibu. Mwalimu haanzi kwa kuitafuta heshima. Huikuta imekwisha kuwekwa mikononi mwake na jamii. Berlin hapakuwa na makabidhiano ya namna hiyo.

Mwaka 1903 kitabu *Desturi za Wasuaheli* kilichapishwa Göttingen. Kinaeleza kuzaliwa, chuo, jando, ndoa, utumwa na sheria. Kilitoka kwa jina la Velten, ingawa Mtoro ndiye aliyekuwa mwandishi wake mkuu. Watafiti wengi wamekitumia kama kioo cha maisha ya Pwani. Nadhani ni sahihi zaidi kukisoma pia kama somo la darasani. Msomaji wake wa kwanza hakuwa mtu wa Bagamoyo, bali mgeni ambaye kesho angeweza kuamua kesi za watu wa Bagamoyo. Kwa hiyo tunapokutana na maelezo ya haki za mume, mke au mtumwa, yatupasa tuulize yanamfunza nani, na kwa nini yamepangwa hivyo. Katika kurasa hizo lekta anaeleza mambo ya kwao bila kukatizwa.

Darasani hali ilikuwa tofauti. Ulizuka mgogoro juu ya heshima na madaraka yake mbele ya wanafunzi, na mwaka 1905 aliiacha kazi hiyo. Mwaka uliotangulia alikuwa amemwoa Bertha Hilske, Mjerumani. Walisafiri pamoja kwenda Afrika Mashariki, lakini maofisa wa koloni walikataa kuwapokea kama mume na mke, wakalazimika kurudi Ujerumani. Nchi aliyoifundisha kwa wageni ikamfungia mlango. Baadaye, kuanzia 1909, alifanya kazi katika Taasisi ya Kikoloni ya Hamburg alikokuwa Carl Meinhof. Alifariki Berlin mwaka 1927.

Tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen, iliyotoka mwaka 1981, iliweka jina la Mtoro katika anwani ya kitabu, pamoja na kutaja Waswahili wengine walioshiriki. Miaka 78 ilikuwa imepita. Kwetu sisi tunaofundisha Kiswahili, nyumbani na ughaibuni, deni lililobaki ni kumsoma Mtoro kama mwalimu, si kama mtoa habari tu.