Vibao vya Kivuli vya Kioo cha Nyuma
Marekani, kuanzia 1969

Paa la Ford Mustang SportsRoof ya 1969 liliteremka moja kwa moja hadi kwenye buti. Umbo lilivutia, lakini kioo cha nyuma kililala mno, jua likapenya na kuwachoma waliokaa ndani. Kwa toleo la Boss 302, mbunifu Larry Shinoda alikifunika kioo hicho kwa vibao vyeusi vya mlalo, vilivyouzwa kwa malipo ya ziada. Vibao vya namna hiyo vilikuwa vimeshaonekana kwenye Lamborghini Miura ya 1966, juu ya injini iliyokaa nyuma ya dereva.

Jua la utosini huishia mgongoni mwa vibao, huku dereva akiona barabara ya nyuma kupitia nafasi zilizo kati yake. Rangi nyeusi hupunguza mng'ao.

Baadaye watengenezaji wengine waliuza vibao vya alumini au plastiki kwa magari yaliyotoka kiwandani bila kuwa navyo.

Tazama bawaba za juu: ukifungua vishikizo vya chini, fremu nzima huinuka, na vumbi na majani yaliyonasa hufutwa.