Basi Linalopanda Harlem

Ilikuwa mwezi wa pili, baridi ya kukata masikio, nasi tumesimama Broadway kwenye kona ya mtaa wa 116 tukingoja M4. Niliyekuwa naye ni mwenzetu wa chama, mtu wa Tanga, hajamaliza hata muhula mmoja hapa New York. Basi likachelewa, kama kawaida yake. Akaniuliza: "Hivi, nani aliamua basi hili lipite hapa na si kwingine?" Nikamjibu harakaharaka kwamba ni serikali ya jiji. Basi likaja, tukapanda, mazungumzo yakaishia hapo. Lakini jibu langu lilikuwa la uongo, au tuseme la uvivu, na limenikaa rohoni hadi leo. Makala haya ni deni ninalomlipa, na kwa kuwa wengi wetu chamani tunapanda mabasi hayohayo kila siku, nimeona nililipe hadharani.

Tuanze na ardhi yenyewe. Manhattan ni kisiwa chembamba, urefu wake kama kilomita 21, na mahali kilipo kipana zaidi hakifiki kilomita nne. Ni sehemu moja kati ya tano zinazounda jiji la New York, kila moja ikiwa kama wilaya yenye jina na majivuno yake. Mwaka 1811 ilipitishwa ramani iliyokikata kisiwa karibu chote kwa mistari iliyonyooka: barabara kuu zikienda kaskazini na kusini, mitaa yenye nambari ikikatiza mashariki na magharibi. Wakati huo sehemu kubwa ya kisiwa ilikuwa bado mashamba na vilima. Mabasi yakafuata mistari hiyo. Ndiyo maana mabasi mengi ya kukatiza kisiwa yana nambari ya mtaa wake: M14 liko mtaa wa 14, M86 mtaa wa 86, M116 mtaa wa 116. Mtu wa Unguja anayejua kwamba 502 ni Bububu na 505 ni uwanja wa ndege lazima akariri. Hapa nambari yenyewe ni anwani.

Kwa mabasi ya kupanda na kushuka, yale yanayofuata urefu wa kisiwa, nambari hazisemi kitu mpaka umjue aliyezitoa. Na aliyezitoa hakuwa serikali.

Kabla ya basi la injini palikuwa na magari ya reli yaliyovutwa na farasi, na kila barabara ilikuwa na kampuni yake. Jumapili ya tarehe 16 Julai 1854, mwalimu kijana mweusi aitwaye Elizabeth Jennings, aliyekuwa pia mpiga kinanda kanisani, alipanda gari la kampuni ya Third Avenue kwenye kona ya mitaa ya Pearl na Chatham. Alikuwa amechelewa ibada. Kondakta akamwambia ashuke angoje gari la nyuma, lenye watu wa rangi yake. Akakataa. Kondakta akajaribu kumtoa kwa nguvu, akashindwa, mwishowe polisi ndiye aliyemshusha.

Baba yake, Thomas Jennings, hakuwa mtu wa kunyamaza. Alikuwa fundi cherehani na mfanyabiashara, na mwaka 1821 alikuwa Mmarekani mweusi wa kwanza kupewa hataza ya uvumbuzi, kwa njia yake ya kusafisha nguo. Familia ikaenda mahakamani. Wakili waliyempata alikuwa kijana wa miaka 24, Chester Arthur, ambaye mwaka 1881 angekuja kuwa Rais wa Marekani. Februari 1855 baraza la wazee wa mahakama likampa Elizabeth fidia ya dola 225, na kampuni ile ikafungua magari yake kwa wote. Kampuni nyingine hazikuwa na haraka hiyo. Sheria ya jimbo lote kuhusu jambo hili ilikuja mwaka 1873.

Ukitaka kuifuata njia yake leo, panda M103. Linaanzia karibu na makao ya serikali ya jiji, si mbali na pale alipopanda, kisha linapanda Third Avenue. Tunafundishwa habari za Rosa Parks na basi la Montgomery la mwaka 1955, na ni haki tufundishwe. Lakini miaka mia moja na moja kabla yake, mwanamke mwingine alikataa kushuka, na ilikuwa hapahapa, katika jiji linalopenda kusema kwamba ubaguzi ulikuwa mambo ya Kusini.

Sasa nirudi kwenye M4. Fifth Avenue ilikuwa barabara ya matajiri, na matajiri hao hawakutaka reli mbele ya milango yao. Kwa hiyo haikuwahi kuwa na tramu. Ikawa na magari ya farasi yasiyo ya reli, na kufikia mwaka 1907 ikawa na mabasi ya injini, ya ghorofa mbili, mali ya Fifth Avenue Coach Company. Nauli ilikuwa senti 10 wakati nauli ya kawaida kwingine ilikuwa senti 5. Kampuni hiyo ndiyo iliyotoa nambari 2, 3, 4 na 5, nasi bado tunazitumia, na njia zenyewe kwa kiasi kikubwa ni zilezile. Kwa hiyo, ndugu yangu wa Tanga, aliyeamua basi lako lipite pale alikuwa mfanyabiashara aliyepiga hesabu nani ana senti 10.

Njia hizo zilipofika mwisho wa bustani ya Central Park ziliingia Harlem. Namba 2 ilipita Seventh Avenue, namba 3 ikapita St. Nicholas. Na Harlem, kuanzia miaka ya 1910 na 1920, ilikuwa imegeuka kuwa mji mkuu wa watu weusi wa Marekani: waliotoka Kusini wakikimbia umaskini na vitisho, na waliotoka visiwa vya Karibi. Watu hawa walilipa nauli kila siku. Walikaa popote walipotaka ndani ya basi. Ila nyuma ya usukani hapakuwa na mmoja wao. Wachache mno walioajiriwa na kampuni walikuwa wafagiaji na wapagazi. Udereva na ufundi zilikuwa kazi za Wazungu, wengi wao wakiwa Waairishi.

Hapa ndipo penye kisa ninachokipenda kuliko vyote, na nitakieleza kwa kituo.

Tarehe 10 Machi 1941 madereva wa Fifth Avenue Coach na kampuni mwenzake, New York City Omnibus, waligoma. Chama chao kiliongozwa na Michael Quill, Mwairishi aliyehamia Marekani. Mgomo ulidumu siku 12. Wakazi wa Harlem waliuunga mkono, ingawa ulikuwa mgomo wa watu wenye kazi wasizoruhusiwa wao kuzifanya. Mgomo ulipokwisha, mabasi yakarudi barabarani, na Harlem ikakataa kuyapanda.

Kususia kulianza tarehe 24 Machi. Vikundi vitatu ambavyo kwa kawaida havikupatana viliungana. Kimoja kiliongozwa na Adam Clayton Powell, mchungaji wa kanisa la Abyssinian Baptist lililoko mtaa wa 138. Kingine kilikuwa cha wafanyakazi wenye msimamo wa kizalendo wa Kiafrika, na cha tatu kilikuwa na watu wa mrengo wa kushoto. Walikwisha kujifunza mbinu hii miaka ya 1930 kwenye maduka ya mtaa wa 125: usinunue pale ambapo huwezi kuajiriwa. Sasa waliiingiza ndani ya basi. Walinzi walisimama vituoni, wenye magari yao wakachukua abiria, na wengine wakatembea kwa miguu, nao walikuwa watu wa kazi za kutwa. Mtu aliyepiga deki nyumba ya watu tangu asubuhi, akarudi kwa miguu mitaa thelathini au arubaini jioni, ametoa zaidi ya senti 10.

Baada ya takriban wiki nne kampuni zikalegea. Mapatano yalitiwa saini tarehe 19 Aprili 1941 na pande tatu: kampuni, chama cha Quill, na kamati ya Powell. Madereva waliosimamishwa kazi wangerudishwa kwanza. Baada yao wangeajiriwa madereva 100 weusi, pamoja na mafundi 70, kisha wangeendelea kuajiri mweusi mmoja kwa kila Mzungu mmoja mpaka weusi wafike asilimia 17 ya wafanyakazi, ambayo ndiyo iliyokuwa sehemu yao katika wakazi wa Manhattan. Novemba mwaka huohuo Powell alichaguliwa kuingia baraza la jiji, mtu mweusi wa kwanza, na baadaye akaenda bungeni Washington.

Kuna mwalimu mmoja hapa aliyeniambia kwamba ushindi ule ulikuwa mdogo, nafasi mia na sabini tu. Kwa heshima zote, sikubaliani naye. Miaka 14 kabla ya Montgomery watu wa mtaa walithibitisha kwamba nauli ni silaha, na pia walimlazimisha kiongozi wa chama cha wafanyakazi achague upande mbele ya wanachama wake. Jambo hilo la pili halisemwi sana. Quill angeweza kujificha nyuma ya kanuni kwamba aliyetangulia kazini hutangulia katika haki, kanuni ambayo kwa weusi ilimaanisha mlango umefungwa daima. Hakujificha.

Seventh Avenue ndani ya Harlem sasa inaitwa Adam Clayton Powell Jr. Boulevard. Basi linalopita hapo ni M2, lilelile lililosusiwa.

Yaliyofuata nitayapitia upesi. Tarehe 14 Januari 1966 Fifth Avenue na Madison zilifanywa za upande mmoja, moja ya kushuka na nyingine ya kupanda, ndiyo maana mgeni anashukia barabara moja na kurudi kwa nyingine, akadhani amepotea. Kabla ya hapo, mwaka 1962, baada ya kampuni kuingia mikononi mwa mwekezaji mpya na madereva kugoma tena, jiji lilizichukua njia zote. Kwa hiyo jibu nililompa mwenzangu halikuwa na ukweli wowote kabla ya mwaka 1962.

M4 lina jambo moja zaidi kwetu sisi wa pwani. Likipanda Broadway hufika mtaa wa 165, mahali palipo na jengo la Audubon Ballroom, ambapo Malcolm X aliuawa Februari 1965. Miezi miwili kabla, Desemba 1964, aliyesimama jukwaani humo pamoja naye alikuwa Abdulrahman Babu wa Zanzibar, wakati huo waziri wa Tanzania. Malcolm mwenyewe alikuwa amefika Dar es Salaam mwezi Oktoba. Kila nikipita hapo hugeuza shingo.

Lakini basi, baada ya kazi, hulala wapi? Abiria hatulifikirii swali hilo. Wakazi wa kaskazini mwa Manhattan walilifikiria sana, kwa sababu gereji nyingi za mabasi ya kisiwa zilikuwa kwao. Injini za dizeli ziliachwa zikinguruma, hasa siku za baridi, karibu na shule na madirisha ya watu. Mwaka 1988 wakaanzisha shirika liitwalo WE ACT, likiongozwa na Peggy Shepard, kupigania hewa yao. Utafiti uliotangazwa mwaka 2003 uliona kwamba katika eneo la Harlem ya kati lililopimwa, karibu mtoto mmoja kati ya wanne alikuwa na pumu. Basi peke yake halikuleta pumu hiyo, maana nyumba chakavu na malori ya barabara kuu yamo pia. Ila mzigo uliwekwa pale ambapo ilidhaniwa hapatatoka sauti. Gereji ya mtaa wa 146, yenye jina la Mother Clara Hale, ilibomolewa ikajengwa upya kwa namna ya kupunguza uchafu wa hewa, ikafunguliwa tena mwaka 2014.

Gereji nyingine ilikuwa mtaa wa 126, kati ya First na Second Avenue, karibu na Harlem River. Wadachi walianzisha kijiji cha Harlem mwaka 1658, na kanisa lao lilikuwa na makaburi yaliyotengwa ya Waafrika, watumwa na walio huru. Utumwa katika jimbo la New York ulikoma mwaka 1827. Makaburi yakasahauliwa. Juu yake pakajengwa ukumbi wa starehe, kisha studio ya filamu, na katika miaka ya 1940 gereji ya magari ya abiria. Kwa miongo kadhaa mabasi yaliegeshwa, yakaoshwa na kutengenezwa juu ya watu hao. Wanakijiji wa leo na kanisa lililorithi lile la Wadachi walidai ukweli, gereji ikafungwa mwaka 2015, na wachimbaji wa mambo ya kale wakakuta mifupa ya binadamu, zaidi ya vipande mia moja. Mpango wa jiji ni kujenga hapo kumbukumbu pamoja na nyumba za kuishi.

Nilipommalizia mwenzangu habari hizi, aliniomba nimpeleke. Tukapanda M15 Jumamosi moja mchana, tukashuka kituo cha mwisho. Hakuuliza swali lolote safari hii. Alivua kofia ya sufi, akaishika mkononi, akawasomea Fatiha, kisha tukavuka barabara kwenda kungoja basi la kurudi.