Jembe la mkia na jembe la pete

Bandugu wa promosyo, kuna mmoja wetu aliuliza hapa: «Ingenieri agronomu wa Likasi iko anafanya nini na lisansi yake?» Niko nalima, ndugu. Na swali lako limenikumbusha aibu moja ambayo sijawaandikia bado.

Mwaka wangu wa kwanza wa kazi, mradi mmoja ulinipa majembe mapya nigawie familia za komini ya Panda. Yalikuwa majembe ya kiwanda, yale yenye pete ya kupitisha mpini. Kisha miezi ine nilirudi kuangalia. Mu nyumba nyingi jembe letu lilikuwa limesimama nyuma ya mlango, mu zingine lilikuwa limeuzwa. Bamama walikuwa wanalima na vijembe vyao vya zamani, vyeusi, vimelika nusu. Mu raporti niliandika kwamba watu wanakataa mambo mapya. Sentensi ile ingali inaniuma.

Mama mmoja, mjane wa mfanyakazi wa Gécamines, alinikalisha chini ya muembe. Akaniambia: «Mwanangu, jembe yako haiko mubaya. Lakini mpini ikivunjika, niuze nini juu ya kupata ingine? Hii yangu, naenda paka ku pori, nakata kamuti kenye kichwa, kazi inaendelea.»

Alinionyesha. Chuma chake hakina pete. Kina mkia, mwembamba ku mwisho, mnene karibu na bapa. Mpini nao ni tawi lenye kichwa kinene, mahali matawi yalikutana. Unachoma tundu mu kile kichwa na chuma cha moto, unaingiza mkia. Kila ukipiga udongo, mkia unazidi kuingia, jembe linajikaza lenyewe. Kiangazi mti ukikauka, linalegea. Unalilaza mu maji usiku mmoja, mti unavimba. Chuma kikilika hakitupwi: unakitia mu mpini mfupi, kinakuwa kajembe ka kupalilia karanga na lengalenga. Shoka nalo linafungwa vilevile. Ukizungusha bapa lake mu tundu, shoka linageuka tezo la kuchonga mpini mwingine. Chuma kimoja, kazi mbili! Ku fakilte nilisoma trakta zaidi ya moja. Kuhusu mkia wa jembe sikusoma hata mstari.

Na ile kitu si ya jana. Ku Sanga, kando ya Ziwa Kisale, kaskazini ya sisi, wataalamu wa mambo ya kale walichimba makaburi mwaka 1957 na 1958; wengine waliendelea miaka ya 1970. Mu makaburi ya wale watu wa Kisale, ambao waliishi kuanzia karne ya 8 hivi, kulitoka majembe ya chuma, shoka na ndoana pamoja na mapambo ya shaba. Shoka moja la Kamilamba lilikuwa na mpini uliopambwa kwa misumari ya chuma. Mtu hapambi hivyo kitu asichoheshimu. Kwa Kiluba jembe ni lukasu, Wabemba wa Zambia wanasemaka ulukasu. Neno limetembea pamoja na chuma.

Sisi watu wa Likasi tunajisifia shaba, lakini shaba yenyewe ilingojea jembe. Zamani wayeyushaji wa Katanga, wale ambao Monseigneur de Hemptinne aliwaita «wala shaba» mu kitabu chake cha 1926, walianza kazi kiangazi, kisha mtama kuvunwa. Tanuru walilijenga na udongo wa kichuguu, udongo uleule ambao leo tunatafutaka kwa kupanda mboga. Mvua ikikaribia, walirudi ku shamba. Msiri naye, ambaye alitawala Bunkeya mpaka alipouawa Desemba 1891, alitoka Unyamwezi, na kule jembe lilikuwa mali: watu walifanya nalo biashara, walitoa mahari.

Kisha ikafika reli: Elisabethville 1910, Kambove 1913. Njia ya vyuma vya Ulaya ikafunguka. Mwaka 1917 serikali ya Wabelgiji ikatoa dekreti ya kulimisha watu kwa lazima, siku 60 kwa mwaka. Mji wetu, ambao kuanzia 1931 mpaka 1966 uliitwa Jadotville, ulikua na mawazo kwamba mwanaume wa kweli anakula mshahara na posho ya kampuni. Kulima ikawa kitu cha bamama na cha watu wa mugini. Nkambo wangu, alikuwa mfanyakazi wa Shituru, alifichaka jembe lake wageni wakija. Tulimcheka sana kwa hiyo.

Lakini mwaka 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka, mishahara ikafuata njia ileile. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines wakaondoka mu ule mpango ulioitwa kuondoka kwa hiari. (Hiari gani, na miezi ya mishahara haijalipwa?) Watu waliokuwa wanaendesha mashine wakaenda kutafuta shamba ku njia ya Kambove. Njo wakati majembe yalitoka mafichoni. Mafundi wa chuma wa Kikula walikuwa wanayafua kwa resori za kamio zilizokufa. Resori ni chuma kigumu, kinashika makali.

Leo fundi ninayemjua amebaki peke yake mu avenyu yao. Mtoto wake anachimba madini. Anasema mu siku moja ya bahati anapata kuliko baba yake kwa wiki mzima. Siwezi kumlaumu. Lakini nilianza kukaa na mzee kila Jumamosi, na karne na kalamu, napima urefu wa mkia, unene, pembe ya bapa na mpini. Mpaka sasa nimechora aina saba. Mbili hata jina lake mzee amesahau.

Yule mama wa Panda hakuuza jembe la mradi. Novemba iliyopita, mvua ya kwanza, nilimkuta analimia nalo. Alikuwa amelipeleka kwa mzee, wakakata pete, wakafua mkia.