Leza Inapobandua Dhahabu

Mstari mwekundu unaojitokeza kwenye kipimo cha haraka cha malaria, baada ya mhudumu wa zahanati kudondosha damu na kusubiri dakika chache, kwa vipimo vingi ni dhahabu. Imo humo katika chembe zenye kipenyo cha makumi kadhaa ya nanomita, na nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Kwa udogo huo dhahabu huacha umanjano wake. Chembe hufyonza mwanga wa kijani, wenye urefu wa wimbi wa karibu nanomita 520, na jicho likabaki na wekundu. Michael Faraday aliueleza wekundu huo mjini London mwaka 1857, miaka mingi kabla ya neno nano kuingia maabara.

Chembe hizo ziitweje? Wengine huandika nanochembe, wakifuata mpangilio wa Kiingereza. Lakini katika Kiswahili jina hutangulia na sifa hufuata, kwa hiyo chembe za nano husomeka bila kukwaruza. Nanomita ni suala jingine: ni kipimo, na imekuja nzima kama zilivyokuja kilomita na milimita.

Chembe za dhahabu za vipimo mara nyingi hutengenezwa kwa kemikali. Chumvi ya dhahabu huyeyushwa katika maji yanayochemka, kisha huongezwa sitrati, njia iliyoenezwa na John Turkevich na wenzake mwaka 1951. Kasoro yake ni mabaki: kemikali hung'ang'ania juu ya chembe, na kuzisafisha ni kazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa Ujerumani na Marekani walijaribu njia isiyohitaji chumvi wala sitrati, yaani kipande cha metali, maji na leza.

Bamba dogo la dhahabu hulazwa chini ya bilauri, likafunikwa kwa maji yenye kina cha milimita chache. Leza hulipiga kwa mapigo mafupi, kila moja likidumu nanosekunde kadhaa au pungufu ya hapo. Pigo moja hutosha kugeuza tabaka jembamba la juu kuwa plazma, gesi ya moto mkali iliyojaa chaji za umeme. Maji huibana plazma hiyo isitawanyike. Kiputo huvimba, kikadumu chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde, kikasinyaa ghafla na kuziachia chembe majini. Masikio husikia mlio wa tik-tik-tik. Baada ya dakika chache maji yaliyokuwa meupe huanza kuwa ya waridi, na rangi hukolea kadiri mapigo yanavyoendelea.

Wahandisi wengi huiita kazi hii ablesheni, neno lenye asili ya Kilatini linalohusu kuondosha. Yeyote anayetaka kuliweka kwa Kiswahili ana vitenzi kadhaa mkononi. Kuchoma hakufai, kwa kuwa dhahabu haiungui. Kukata kunadokeza vipande viwili, ilhali bamba hubaki moja. Kukwangua kunahitaji kitu kigumu kinachogusa. Kubandua ndiko kunakokaribia zaidi: tabaka la juu hutoka na la chini hubaki, kama rangi ya ukutani. Ubanduaji kwa leza katika kimiminika, basi, ni istilahi inayomweleza msomaji kinachotendeka kabla hajaona mchoro wowote.

Kitenzi hicho kina faida nyingine, nayo ni mwenzake, kubandika. Chembe zilizobanduliwa katika maji safi zina uso mtupu usio na mabaki, kwa hiyo hushika kwa urahisi juu ya unga wa oksidi ya titani na vibebaji vingine. Hivyo ndivyo vinavyoweza kutengenezwa baadhi ya vichocheo vya kemikali: platinamu hubanduliwa, kisha hubandikwa.

Kikwazo kilikuwa kiasi. Kwa miaka mingi maabara zilipata miligramu tu kwa saa, kwa sababu kiputo cha pigo la kwanza hulizuia pigo la pili. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Duisburg-Essen, Ujerumani, walitumia kioo kinachozunguka kwa kasi kuhamisha mwale, ili kila pigo litue mahali ambapo hapana kiputo. Mwaka 2016 waliripoti kupata hadi gramu 4 za chembe za platinamu kwa saa.

Hata hivyo, si kila kazi ya leza ni ubanduaji. Mwaka 1985, katika Chuo Kikuu cha Rice, Texas, Harold Kroto, Robert Curl na Richard Smalley waliipiga grafiti kwa leza ndani ya mkondo wa heliamu, wakapata molekuli ya mviringo yenye atomi 60 za kaboni. Hapo kinachofaa zaidi ni uvukizaji, maana kaboni ilikuwa mvuke kabla ya kujiunda upya. Mwaka 2014 maabara ya James Tour, chuoni hapo hapo, iligundua kuwa leza ya kawaida ya karakana huigeuza karatasi ya plastiki aina ya poliimidi kuwa grafini, aina ya kaboni. Mwaka 2018 walifanya hivyo juu ya mkate, viazi na kifuu cha nazi. Mistari myeusi iliyobaki hupitisha umeme. Kwa kazi hiyo, kuchora grafini kwa leza kunatosha.

Kuna tofauti moja ambayo neno ablesheni haliwezi kuionyesha. Metali ikipigwa kwa nishati ndogo hupata joto tu, bila chochote kutoka. Tabaka hutoka pale tu nishati inapofikia kiwango fulani, yaani kizingiti. Kubanduka huko ni tabia ya metali, si tendo la leza, na Kiswahili kina umbo lake tayari: ubandukaji. Sentensi ya daftari la maabara inaweza kuandikwa hivi: «Kizingiti cha ubandukaji wa fedha kilipimwa kwanza, kisha ubanduaji ukafanywa ndani ya maji kwa mapigo ya nanosekunde 10.»