Harufu Nne za Giaboksi

Nati ya giaboksi ikishalegea, harufu huitangulia oili. Ni harufu nzito ya yai viza, ina ukali wa kitunguu kilichoungua, na hung'ang'ania vidoleni hata baada ya sabuni ya pili. Mtu aliyelala chali uani kwake chini ya Mazda MX-5, gari likiwa juu ya stendi nne, huijua kabla hajaona tone. Hiyo ni salfa. Zamani giaboksi za magari zimewahi kunuka shahamu, zikanuka nyonyo, zikanuka hata nyangumi.

Katika magari ya mwanzo ya Panhard et Levassor ya Ufaransa, miaka ya 1890, hapakuwa na boksi la kuzungumzia. Gia zilizunguka wazi chini ya gari, zimepakwa grisi, zikila vumbi la barabarani. Dereva alizisukuma kwa mkono mpaka meno yagongane na kuingiana, na kelele zake mtaa mzima ulizisikia. Vilainishi navyo vilikuwa urithi wa enzi ya mvuke: shahamu ya ng'ombe na grisi nzito, mambo ya garimoshi. Gia zilipofungiwa ndani ya kasha ndipo oili ilipopata mahali pa kukaa, na ndipo kazi ya kuimwaga na kuijaza upya ilipozaliwa.

Mwaka 1899 Charles Wakefield alifungua biashara ya vilainishi mjini London. Miaka kumi baadaye kampuni yake ikatoa oili iliyoitwa Castrol, jina lililokatwa kutoka neno la Kiingereza la mafuta ya nyonyo. Mnyonyo, au mbarika kama wengine wanavyouita, ni mmea wa huku kwetu. Wataalamu wa mimea huelekeza asili yake upande wa Ethiopia na Afrika Mashariki, na mpaka leo huota wenyewe majalalani bila kupandwa na mtu. Mafuta ambayo sasa yanauzwa katika vichupa vya kukuzia nywele ndiyo yaliyokuwa fahari ya magari ya mashindano ya Ulaya.

Na yalistahili. Nyonyo hushikamana na chuma hata chuma kikiwa cha moto, wala haichanganyiki kirahisi na petroli. Kwa sababu hiyo injini za ndege za Vita vya Kwanza vya Dunia, zile zilizozunguka zenyewe pamoja na panga zake, ziliendeshwa kwa nyonyo. Marubani walivuta moshi wake safari nzima, na kila aliyewahi kunyweshwa nyonyo na bibi yake anajua tumbo lilivyowajibu. Kasoro yake ilikuwa kuganda: ikikaa hugeuka gundi ya kahawia inayonata kwenye kila tundu. Fundi wa timu ya mashindano hakuwa na anasa ya kusubiri kesho. Ilimpasa aimwage ingali ya moto.

Kilicholeta salfa ni tamaa ya magari ya chini. Mwaka 1926 Packard ya Marekani ilianza kutumia kwenye difu ya ekseli ya nyuma gia za umbo jipya zilizobuniwa na kiwanda cha Gleason cha Rochester, New York. Pinioni iliteremshwa chini ya kitovu cha gia kubwa, propela shafti ikashuka nayo, na bodi ya gari ikaweza kukaa karibu zaidi na ardhi. Kila gari la michezo lenye sakafu ya chini na ekseli ya nyuma ya namna hiyo lina deni kwa gia hizo.

Ila zilikuja na balaa lake. Meno ya gia za kawaida hubingirishana, wakati haya husuguana pia kwa pembeni, na msuguano huo huikamua oili yote katikati yao. Chuma kikikutana na chuma kitupu huungana kwa sekunde kama kilichochomelewa, kisha kikanyofoka. Wakemia wakatia salfa. Pale joto linapopanda, salfa huungana na chuma na kuweka utando mwembamba kuliko unyasi, na utando ndio unaochubuka, meno yakabaki salama. Ni hila nzuri: kukiacha kitu kioze kidogo ili kisife.

Kwa muda mrefu mbebaji mzuri wa salfa hiyo alikuwa nyangumi, yule mwenye kichwa kikubwa kama gogo, ambacho ndani yake mna nta ya majimaji. Mafuta yake yaliyochanganywa na salfa yaliingia kwenye oili za gia na za giaboksi za otomatiki. Mwaka 1970 Marekani ikamtia katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka, na viwanda vikaanza kuhangaika. Mojawapo ya vibadala vilivyopatikana ni mafuta ya jojoba, kichaka cha jangwa la Sonora, ambayo nayo kwa hakika ni nta ya majimaji.

Enzi hiyo ya nyangumi wenye magari ya michezo walikuwa wakijibadilishia oili ya giaboksi nyumbani bila makuu. Kwenye MGB za mwanzo, zilizotoka 1962, ulifunua zulia, ukang'oa kizibo cha mpira karibu na giaboksi, na humo mlikuwa na kijiti cha kupimia. Oili yenyewe ilikuwa ileile ya injini. Mini ya 1959 ilikwenda mbali zaidi. Giaboksi yake ilikaa chini ya injini, vyote viwili vikinywa katika chombo kimoja, hivyo aliyebadilisha oili ya injini alikuwa amebadilisha na ya giaboksi, atake asitake. Mini Cooper ikashinda mbio za Monte Carlo mwaka 1964, 1965 na 1967 kwa mpango huo wa umaskini.

Huku kwetu Datsun 240Z ilitwaa Safari Rally mwaka 1971 ikiwa na Edgar Herrmann na Hans Schüller, kisha 1973 ikiwa na Shekhar Mehta. Katika mito ya Safari adui wa oili alikuwa maji. Giaboksi iliyo moto ikizama ghafla hupoa, hewa ya ndani husinyaa, na maji hufyonzwa kupitia tundu la kupumulia. Oili hiyo ikimwagwa hutoka na rangi ya chai ya maziwa.

Mtego wa siku hizi umo kwenye lebo. Tangu Cadillac ilipoleta mwaka 1928 ubunifu wa Earl Thompson wa kulinganisha kasi za gia kabla hazijaingiana, giaboksi nyingi zimekuwa na ringi ndogo za shaba iliyochanganywa na zinki. Ringi hizo zinahitaji msuguano ili zishike. Duka likiwa na madaraja mawili ya oili ya gia, GL-4 na GL-5, mnunuzi huchukua 5 kwa kuwa ni kubwa. Lakini GL-5 ina dawa ya salfa nyingi zaidi kwa ajili ya difu. Ringi huteleza, gia zinalia kila zinapobadilishwa, na aina nyingine za dawa hiyo huila shaba yenyewe.

Giaboksi ya klachi mbili, kama ile iliyoingia kwenye Porsche 911 mwaka 2008, humtaka fundi aweke oili kwa kufuata joto linalosomwa kwenye kompyuta. MX-5 ya kizazi cha kwanza, iliyoonyeshwa Chicago mwaka 1989, bado inamkubali mtu wa uani. Hulegeza kwanza nati ya kujazia, maana akimwaga yote kisha nati ya juu ikakataa, gari halitoki hapo. Oili mpya ni lita mbili. Inapoanza kuchuruzika mdomoni mwa tundu, imetosha. Ile ya zamani huiweka juani ndani ya beseni na kuitikisa. Unga mweusi wa chuma umenaswa na sumaku ya kwenye nati. Unga wa rangi ya dhahabu unaoelea humo umetoka kwenye ringi, na huo sumaku haiukamati.