220 ukitoa umri: hesabu iliyochorwa ndani ya ndege ikageuka sheria ya moyo

Mtu mwenye miaka 40 anayeanza mazoezi ya kinga, yaani baiskeli, akiuliza moyo wake unaweza kupiga mara ngapi kwa dakika akiwa amefika mwisho wa nguvu zake, jibu ni lile lile karibu duniani kote: chukua 220, toa miaka yako. 220 ukitoa 40 inabaki 180. Hesabu hiyo imebandikwa kwenye kuta za vyumba vya mazoezi, imeandikwa katika vitabu vya michezo, na imewekwa ndani ya saa za mkononi zinazohesabu mapigo.

Wengi wanaamini kwamba ilitoka katika maabara kubwa, baada ya kupima maelfu ya watu. Historia yake ni nyingine. Ilizaliwa Marekani mwaka wa 1970, ndani ya ndege, watu wawili wakiangalia karatasi iliyojaa nukta na mstari uliochorwa katikati yake.

Kwa mwendesha baiskeli jambo hili si dogo. Makocha wengi wanagawa mazoezi kwa asilimia ya mapigo ya juu kabisa: siku ya mwendo mwepesi, asilimia 70, siku ya kupanda milima kwa nguvu, asilimia 90. Namba ya juu ikiwa na kosa, kila kinachofuata kina kosa. Tuchukue watu wawili wenye miaka 40. Karatasi inawapa wote 180, na mwendo mwepesi wa mapigo 126. Lakini mmoja moyo wake kweli unafika 200. Kwake mwendo mwepesi ni 140, na akikaa kwenye 126 anajizuia bure. Mwingine moyo wake unaishia 160. Kwake 126 ni karibu asilimia 79, kazi nzito. Anachoka kila siku, na anadhani ni uvivu.

Kabla ya 220

Kuhesabu mapigo kwa dakika ni jambo la zamani. Mwaka wa 1707, muganga wa Uingereza John Floyer alitoa kitabu kuhusu saa aliyotengenezewa, yenye kukimbia dakika moja kamili, ili aweze kuhesabu mapigo ya mgonjwa bila kubahatisha. Kabla ya hapo waganga waligusa mkono wa mgonjwa na kusema mapigo ni ya haraka ama ya polepole.

Lakini kuhesabu moyo uliotulia ni kitu kimoja, na kujua mwisho wake ni kingine. Ili kuujua, lazima mtu afanye kazi mpaka ashindwe, na kazi hiyo ipimwe. Hapo ndipo baiskeli iliingia katika sayansi. Mwaka wa 1913, mtaalamu August Krogh wa Copenhagen, Denmark, alieleza baiskeli isiyosogea, ambayo uzito wa pedali zake unaongezwa na kupunguzwa kwa kipimo. Mtu anakaa hapo, anakanyaga, na mtafiti anajua kabisa ni kazi kiasi gani imefanyika.

Mwaka wa 1938, Sid Robinson wa maabara ya uchovu ya Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, alitangaza matokeo ya kupima wanaume na wavulana wa umri tofauti, kuanzia mtoto wa miaka 6 mpaka mzee wa miaka 91. Jambo moja lilionekana wazi: kadiri umri unavyopanda, mapigo ya juu kabisa yanashuka. Watafiti waliorudia namba za Robinson miaka mingi baadaye walipata hesabu hii: 212, toa umri mara 0.77. Kwa mtu wa miaka 40 inatoa karibu 181. Wote waliopimwa walikuwa wa kiume.

Sababu ya kushuka huko iko ndani ya moyo wenyewe. Kuna sehemu ndogo juu ya moyo inayoanzisha kila pigo, na kasi yake inapungua miaka inavyokwenda. Mazoezi hayaizuii. Mtu aliyezoea baiskeli anapata moyo unaosukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo, lakini hapati mapigo ya juu zaidi.

Inchi za kaskazini ya Ulaya ziliendelea na kazi hiyo. Huko Sweden, Per-Olof Åstrand na Irma Ryhming walionyesha mwaka wa 1954 namna ya kukadiria uwezo wa mtu kwa kumpandisha kwenye baiskeli ya kupimia na kuhesabu mapigo yake, bila kumchosha mpaka mwisho. Huko Finland, mwaka wa 1957, Martti Karvonen na wenzake waliwafanyisha mazoezi vijana wachache wa kiume, na kutoka hapo ikapatikana njia ya kuhesabu kwa kuanzia mapigo ya mtu akiwa amepumzika. Vitabu vingi vimempa Karvonen sifa ya kutunga 220. Alipoulizwa, alisema hakufanya utafiti huo.

Ndani ya ndege

Sasa turudi Marekani. Katika miaka ile ugonjwa wa moyo ulikuwa unaua Wamarekani wengi kuliko ugonjwa mwingine wowote. Kwa muda mrefu mtu aliyepata shambulio la moyo aliambiwa alale kitandani majuma mengi, asifanye chochote. Lakini waganga walikuwa wameanza kuona kwamba kutembea na kufanya mazoezi kunawasaidia wagonjwa hao. Swali lilikuwa: kiasi gani? Huwezi kumpandisha mgonjwa wa moyo kwenye baiskeli na kumwambia akanyage mpaka aanguke, ndipo umjue mwisho wake. Ilihitajika namba ya kukadiria, ambayo muganga anaweza kuipata bila kumhatarisha mtu.

Kazi hiyo iliwaangukia Samuel Fox, muganga wa moyo aliyeongoza mpango wa magonjwa ya moyo katika idara ya serikali ya afya ya umma, na mtafiti kijana William Haskell. Walikusanya matokeo ya tafiti kama kumi zilizokwisha kuandikwa na wengine. Watu waliopimwa ndani ya tafiti hizo hawakuchaguliwa ili kuwakilisha watu wote. Wengi walikuwa chini ya miaka 55. Wengine walivuta sigara, na wengine walikuwa tayari wagonjwa wa moyo.

Haskell mwenyewe alieleza miaka mingi baadaye kwamba walikuwa safarini kwenda mkutanoni alipotoa karatasi hizo ndani ya ndege. Walichora mstari unaopita katikati ya nukta, na Haskell akaona: miaka 20, mapigo 200, miaka 40, mapigo 180, miaka 60, mapigo 160. Rahisi kukumbuka. Mwaka wa 1971 Fox, Haskell na mwenzao John Naughton waliiweka katika makala ndefu kuhusu mazoezi na kuzuia ugonjwa wa moyo. Mstari ulipitishwa kwa jicho. Haukutoka katika hesabu za kitakwimu.

Wawili hao hawakumdanganya mtu. Walihitaji kipimo cha kuanzia, nao walikipata. Haskell alisema wazi kwamba hawakukusudia namba hiyo itawale mazoezi ya kila mtu. Lakini ilikuwa imekwisha kutoka mikononi mwao.

Namna ilivyokuwa sheria

Ilienea juu ya urahisi wake. Haikudai mashine wala muganga, na mtoto wa shule ya msingi anaweza kuifanya kichwani. Katika miaka ya 1970 Wamarekani wengi walianza kukimbia barabarani na kuendesha baiskeli kwa ajili ya afya, na kila mwalimu wa mazoezi alihitaji namba ya kuwapa.

Kisha vikaja vifaa. Mwaka wa 1977, Seppo Säynäjäkangas wa Finland alianzisha kampuni ya Polar karibu na mji wa Oulu, na mwaka wa 1982 kampuni hiyo ikatoa kifaa cha kupima mapigo bila waya: mkanda kifuani, saa mkononi. Kwa mara ya kwanza mwendesha baiskeli aliweza kuona moyo wake akiwa njiani. Kifaa kilipima mapigo sawasawa. Lakini kumwambia mtu kama mapigo hayo ni mengi ama ni machache, kulihitaji namba ya juu, na kwa watu wengi namba hiyo ilikuwa ile ya ndani ya ndege.

Walioumizwa na wastani

Mwaka wa 2001, Hirofumi Tanaka na wenzake wa Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, walikusanya tafiti 351 zenye watu 18,712, kisha wakapima wenyewe watu wengine 514 wenye afya. Hesabu yao ilikuwa tofauti: 208, toa umri mara 0.7. Kwa mtu wa miaka 40 hesabu zote mbili zinatoa 180. Lakini kwa mtu wa miaka 20, ile ya zamani inampa 200 na mpya 194. Kwa mzee wa miaka 70, ya zamani inampa 150 na mpya 159. Yaani kwa miaka 30 wazee waliambiwa mwisho wao ni wa chini kuliko ulivyo, na wengi walipewa mazoezi mepesi kupita kiasi.

Mwaka wa 2002, Robert Robergs na Roberto Landwehr waliandika historia ya 220 na kuonyesha kwamba hakuna utafiti wa asili unaoitegemeza.

Wanawake walingoja zaidi. Mwaka wa 2010, Martha Gulati na wenzake wa Chicago walitoa matokeo ya wanawake 5,437 waliokuwa na afya: 206, toa umri mara 0.88. Kwa mwanamke wa miaka 50 inatoa 162, wakati ile ya zamani inamdai 170. Hapa si suala la michezo peke yake. Katika hospitali zenye mashine za kupima moyo kwa mazoezi, mgonjwa anatakiwa kufikia sehemu fulani ya namba yake ya juu. Mwanamke aliyekwisha kufika mwisho wake wa kawaida angeweza kuandikiwa kwamba ameshindwa, kumbe aliyeshindwa ni kipimo.

Na hata hesabu mpya hazimalizi tatizo. Zote zinatoa wastani. Watu wa umri mmoja wanatofautiana: ni kawaida mtu kuwa juu ama chini ya namba yake kwa mapigo 10, na wengine kwa 20. Pia wapo wanaotumia dawa za tansio, yaani damu kupanda. Baadhi ya dawa hizo zinazuia moyo kupiga haraka, na kwa mtu anayezitumia hesabu ya umri haina maana tena.

Watu wa baiskeli walitafuta njia nyingine

Waendesha baiskeli wakubwa waliacha mapema kutegemea umri. Januari 1984, Mwitalia Francesco Moser aliendesha kilometa 51.151 kwa saa moja katika mji wa Mexico na kuvunja rekodi ya Eddy Merckx ya mwaka wa 1972. Waliomwandaa, wakiongozwa na Francesco Conconi wa Chuo Kikuu cha Ferrara, walipima moyo wake mwenyewe na kutafuta kiwango cha mapigo ambacho akikivuka anaanza kuchoka haraka. Sifa ya kazi hiyo ina doa: Moser alikubali baadaye kwamba aliongezewa damu, jambo ambalo wakati ule lilikuwa halijakatazwa. Mwaka wa 1986, Mjerumani Ulrich Schoberer alianzisha kifaa kinachopima nguvu ya miguu kwenye pedali kwa wati, na timu nyingi zikaanza kuangalia nguvu pamoja na mapigo.

Makocha walijifunza pia kwamba mtu mmoja ana mapigo tofauti kwa kazi tofauti. Kwenye baiskeli mwili umekaa, na miguu ndiyo inayobeba kazi kubwa. Kwa hiyo wengi hawafiki juu kama wanapokimbia. Namba iliyopimwa katika mbio haifai kuhamishiwa kwenye baiskeli bila kuangaliwa upya.

Kwa asiye na saa ya mapigo

Huko Kisangani vijana wa toleka wanabeba abiria kwa baiskeli tangu asubuhi. Huko Goma watu wa chukudu wanasukuma magunia kwenye mlima. Hakuna anayewapimia mapigo, lakini moyo wao unafanya kazi ile ile.

Vidole viwili kwenye mkono, chini ya kidole gumba, vinatosha: hesabu mapigo kwa sekunde 15, zidisha mara 4. Kipimo kingine cha bure, ambacho wataalamu wa mazoezi wanakikubali, ni mazungumzo. Mtu anayeweza kuongea vizuri lakini hawezi kuimba, yuko katika kazi ya kiasi. Asiyeweza kutoa zaidi ya maneno machache bila kuvuta pumzi, yuko katika kazi nzito. Kipimo hicho hakimuulizi mtu ana miaka mingapi.

Kujaribu kufika mwisho wa moyo si mchezo wa mtu mwenye tansio, mwenye ugonjwa wa moyo, ama aliyekaa muda mrefu bila mazoezi. Huyo aanzie kwa muganga. Na yeyote anayesikia maumivu ya kifua, kizunguzungu ama pumzi kukata kuliko kawaida, ashuke kwenye baiskeli na aende kituo cha afya, hata kama hesabu inasema bado ana mapigo 30 ya akiba.