Uhuru uliopimwa kwa kilo

Lori linalosafiri kati ya Chalinze na Dar es Salaam hupimwa Vigwaza. Hapo Wakala wa Barabara, TANROADS, hukagua uzito wa kila ekseli, na kwa sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, gari pamoja na shehena yake lisizidi tani 56. Sababu iko wazi: ekseli ikibebeshwa uzito mara mbili, lami huumia takriban mara 16. Matengenezo yake tunayalipa sote kupitia tozo ya mafuta, hata mkulima asiye na baiskeli, kila anapolipa nauli.

Kizuizi cha namna hiyo sina ugomvi nacho. Lakini barabara hii ya Morogoro imepitisha enzi ambayo serikali haikuuliza lori lina uzito gani. Iliuliza gunia lina nini, na ni la nani.

Kumdai mpita njia ni jambo la kale katika bonde la Ruvu, inakopita barabara hii. Mwaka 1860, wapelelezi wa Uingereza Speke na Grant walipoondoka Bagamoyo kwenda bara, wakuu wa Uzaramo wenye cheo cha pazi waliwadai hongo, yaani malipo ya kupita. Msafara ulitoa vitambaa, ukapita. Hongo ilikera, ila ilichukua sehemu tu na kumwachia mwenye mali mali yake. Wajerumani walikwenda mbali zaidi: mwaka 1902 walianzisha mashamba ya pamba ya lazima katika vijiji vya wilaya ya Dar es Salaam, na chuki iliyotokana na kilimo hicho ilichangia kuwasha vita vya Maji Maji mwaka 1905.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 serikali ilitaifisha vinu, na mwaka uliofuata likaundwa Shirika la Taifa la Usagishaji, NMC. Kufikia mwaka 1973 shirika hilo ndilo lilikuwa mnunuzi halali wa mahindi nchini. Nia haikuwa mbaya. Ukame wa 1973 na 1974 ulitisha kweli, na waliokula unga wa yanga, yaani wa mahindi ya njano, wanaikumbuka rangi yake hadi leo. Serikali iliogopa kuwa mlanguzi angeificha nafaka na mji ungelala njaa.

Kosa lilikuwa kwenye bei. Kuanzia msimu wa 1974/75 bei ikawa moja nchi nzima. Mkulima wa Sumbawanga alipata sawa na mkulima wa Morogoro, na gharama za usafiri zikabebwa na serikali. Kwa Sumbawanga huo ulikuwa msaada mkubwa, tusiukane. Kwa aliyelima karibu na Dar es Salaam ulikuwa unyang'anyi: soko lilikuwa mlangoni pake, lakini faida ya kuwa jirani ilichukuliwa na kupelekwa kwingine bila yeye kuulizwa. Naye akafanya ambalo mtu yeyote mwenye watoto angelifanya: akauza usiku, kwa bei iliyozidi ile ya NMC mara kadhaa.

Serikali ikajibu kwa vizuizi. Hadi mwaka 1984, kusafirisha nafaka zaidi ya kilo 30 kutoka mkoa mmoja kwenda mwingine bila kibali kulikuwa kosa. Kilo 30 hazifiki hata nusu gunia. Mama aliyempelekea mwanawe mahindi aliyoyalima kwa mkono wake aliwekwa kundi moja na mfanya magendo, na kitu alichokuwa akikilinda mgambo pale kizuizini hakikuwa barabara wala usalama wa yeyote.

Mwaka 1974, Operesheni Vijiji ya kuwahamishia watu katika vijiji vya ujamaa ikiwa imepamba moto nchini, mwanafalsafa Robert Nozick wa Marekani alichapisha kitabu kilichodai kwamba serikali halali ni ile inayozuia mabavu, wizi na ulaghai na kusimamia mikataba, basi. Mimi naona amebana mno. Mwenye njaa hashibi kwa mkataba. Swali lake hata hivyo linafaa kuulizwa kwa kila geti: je, linamzuia mtu asimdhuru mwenzake, au linamnyang'anya kilicho chake? Mizani ya Vigwaza inalijibu vizuri. Geti la kilo 30 halikuwa na jibu.

Lilianguka kwa sababu halikuweza kushinda. Katikati ya miaka ya 1980, nafaka nyingi zaidi zilipita soko la magendo kuliko mikononi mwa NMC. Mwaka 1984 kiwango kilipandishwa hadi kilo 500, na mwaka 1987, chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi, kikafutwa.

Juni 2017 Waziri wa Fedha, Philip Mpango, alitangaza bungeni kwamba mazao yasiyozidi tani moja yakitoka halmashauri moja kwenda nyingine hayatatozwa ushuru, na ushuru wenyewe ukashuka kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa chakula. Ulikuwa uamuzi wa haki. Lakini mwaka huohuo serikali ilizuia mahindi kuuzwa nje ya nchi, bei ikaporomoka, na wakulima wa Rukwa na Ruvuma wakakaa na magunia yasiyo na mnunuzi. Hofu ilikuwa ileile ya njaa, na mzigo ukatwishwa mtu yuleyule. Serikali inayotaka akiba ina Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, wenye maghala na fedha za umma. Wakala huo uende sokoni ukanunue kama mnunuzi mwingine yeyote, kwa bei ambayo mkulima ameikubali.